Jina la Mji kama Jibu: Umoja, Mateso na Msamaha katika Tamthilia ya Fuente Ovejuna ya Lope de Vega

Ikisiri

Tamthilia ya Fuente Ovejuna ya mtunzi wa Kihispania Lope de Vega, iliyochapishwa Madrid mwaka 1619, imesomwa kwa muda mrefu kama sifa kwa umoja wa wanakijiji dhidi ya dhuluma. Makala hii inahoji usomaji unaouchukulia umoja huo kuwa kitu kilichokuwapo tangu mwanzo. Kwa kufuata msuko, mazungumzo ya wahusika na umbo la kishairi, makala inaonyesha kwamba umoja wa wanakijiji unajengwa hatua kwa hatua kwa maneno, tena baada ya wanyonge wao kuachwa waumie peke yao. Yanayojadiliwa ni sauti ya Laurencia kando ya kimya cha Jacinta, zoezi la jibu linalofanywa kabla ya mateso, na uamuzi wa mfalme katika onyesho la mwisho. Hoja kuu ni kwamba jina la mji linawakinga wauaji huku likiwafunika baadhi ya walioumizwa, na kwamba msamaha wa mfalme unatokana na kukosekana kwa ushahidi, si na kutambuliwa kwa haki ya raia. Kwa sababu hiyo, matoleo ya jukwaani yaliyomwondoa mfalme yameipa tamthilia nguvu ya kimapinduzi lakini yamepoteza sehemu ya uchungu wake.

Maneno ya msingi: Lope de Vega, tamthilia ya Kihispania, mhusika wa pamoja, heshima, mateso, msamaha

1.0 Utangulizi

Usiku mmoja wa Aprili 1476, wakazi wa Fuente Ovejuna, mji mdogo katika eneo la Córdoba kusini mwa Uhispania, walivamia makazi ya bwana wao wakamuua. Bwana huyo, Fernán Gómez de Guzmán, alikuwa Komendadori Mkuu wa Calatrava, yaani mmoja wa viongozi wa shirika la kidini na la kijeshi lililoanzishwa mwaka 1158, lililomiliki ardhi, miji na kodi za watu. Hakimu mpelelezi alipotumwa kumtafuta muuaji, kila aliyehojiwa, hata chini ya mateso, alilitaja jina la mji. Jibu hilo liligeuka methali. Mwanzoni mwa karne ya 17 lilikuwa limeenea kiasi cha kuingizwa na Sebastián de Covarrubias katika kamusi yake ya lugha ya Kihispania ya mwaka 1611.

Lope de Vega (1562–1635) aliitunga tamthilia yake katika miaka hiyohiyo. Wataalamu wengi huiweka kati ya 1612 na 1614. Hadhira yake, basi, iliingia katika ukumbi ikilijua jibu kabla ya kusikia swali. Jambo hili ni la msingi katika uhakiki wa kazi hii. Mtunzi hakuwa na siri ya kufichua kuhusu mwisho wa kisa. Alichoweza kuonyesha ni namna watu wengi wanavyofikia kutamka neno moja, na gharama ya neno hilo.

Uhakiki wa tangu mwisho wa karne ya 19 umeelekea pande mbili. Marcelino Menéndez Pelayo aliiona tamthilia hii kuwa miongoni mwa kazi za kidemokrasia kabisa katika jukwaa la Kihispania, kazi ambayo ndani yake umma wenyewe ndio shujaa. Katikati ya karne ya 20, Leo Spitzer aliitazama kama tamthilia ya ulinganifu: upendo na muziki wa kijijini vinavurugwa na jeuri ya mtawala, kisha mpangilio wa dunia unarejeshwa. Mielekeo hii inatofautiana kisiasa, lakini inakutana katika jambo moja: yote miwili inakichukulia kijiji kuwa kitu kizima, kilichoumbwa tayari, kinachoshambuliwa kutoka nje. Makala hii inashika njia nyingine. Inauliza kijiji hiki kinakuwa kimoja lini, kwa maneno ya nani, na nani anabaki nje ya umoja huo.

2.0 Kutoka tarihi hadi jukwaani

Chanzo kikuu cha Lope ni tarihi ya mashirika ya Santiago, Calatrava na Alcántara iliyoandikwa na Francisco de Rades y Andrada na kuchapishwa Toledo mwaka 1572. Humo mtunzi alipata dhuluma za Komendadori, uvamizi wa usiku, ushiriki wa wanawake na watoto, mateso na jibu la pamoja. Alipata pia mazingira ya kisiasa: vita vya urithi wa kiti cha Castilla, ambamo Isabel na mumewe Fernando walipambana na wafuasi wa Juana na mfalme Afonso V wa Ureno. Shirika la Calatrava, chini ya kijana Rodrigo Téllez Girón, lilikuwa upande wa Ureno na liliuteka mji wa Ciudad Real. Lope anavifungamanisha visa hivi viwili ili bwana anayewanyanyasa raia awe pia ndiye anayemshawishi Mkuu kijana wa Shirika awaasi wafalme. Kijana huyo anatendewa kwa upole katika tamthilia na mwishoni anasamehewa; ukoo wa Téllez Girón, wenye utawala wa Osuna, ulikuwa bado na nguvu kubwa katika zama za mtunzi.

Hata hivyo, badiliko zito zaidi ni la kiutanzu. Mwanatarihi anaweza kusema kwamba mji uliua, akaishia hapo. Jukwaa haliwezi. Jukwaa linahitaji nyuso, sauti na majina. Lope analazimika kumwumba Laurencia, binti wa kiongozi wa kijiji; Frondoso, mchumba wake; Esteban, baba yake; na Mengo, mkulima mcheshi. Kwa kufanya hivyo anaingia katika mgogoro wa kisanaa: anawapa majina watu ambao ushindi wao wote umo katika kukataa kutajwa kwa majina.

Namna anavyoutatua mgogoro huu inastahili kutazamwa kwa makini. Katika tendo la tatu hadhira inawaona wanakijiji wakiingia na silaha zao, inaisikia hasira yao, na inamsikia Esteban miongoni mwa wanaomkabili Komendadori. Lakini pigo la mauti linatolewa ndani, nyuma ya jukwaa. Watazamaji wanasikia kifo, hawakioni. Wangeitwa kutoa ushahidi mbele ya hakimu, wangeweza kuwataja waliokuwapo; aliyeua wasingeweza kumtaja. Kwa mbinu hii ya kuficha tendo huku akiwaonyesha watenda, Lope anaifanya hadhira kuwa sehemu ya wanaoitunza siri, na jibu la mji linakuwa pia jibu la pekee ambalo mtazamaji mwaminifu angeweza kulitoa.

Uamuzi huo umeandaliwa mapema. Mwishoni mwa tendo la kwanza Komendadori anamkuta Laurencia mtoni akifua, anauweka chini upinde wake wenye kifyatulio ili mikono yake iwe huru kumkamata, na Frondoso, aliyejificha karibu, anauchukua na kumwelekezea. Ana mtawala mbele ya silaha, ana sababu, na ana nafasi. Hafyatui. Anamwokoa msichana na kuondoka. Iwapo angeua hapo, tamthilia ingekuwa ya kisasi cha mtu mmoja, na sheria ingempata mara moja. Mtunzi anaionyesha njia hiyo kisha anaifunga.

3.0 Kijiji kisicho kimoja

Katika tendo la kwanza vijana wa kijiji wanajadili kama upendo upo. Barrildo anadai kwamba dunia yote inasimama kwa mapatano, na mapatano ndiyo upendo. Mengo anakana: anaujua upendo mmoja tu, wa kila kiumbe kwa nafsi yake. Wanaosoma tamthilia kama utenzi wa ulinganifu huliona jibu la Barrildo kuwa kauli ya mtunzi, na Mengo kuwa mchekeshaji anayesubiri kusahihishwa. Msuko una utata zaidi. Katika tendo la pili ni Mengo, asiyeamini upendo, anayesimama peke yake kumtetea Jacinta anapofukuzwa na watu wa Komendadori. Anakamatwa, anafungwa na kuchapwa viboko. Wanaoamini mapatano ya ulimwengu hawapo pale.

Kipimo cha hali ya kijiji kabla ya uasi kimo katika matukio mawili. La kwanza ni mapokezi. Komendadori anaporudi kutoka Ciudad Real, wanakijiji wanamwimbia na kumletea zawadi za kuku, jibini, divai na mazao mengine. Esteban anazikabidhi kwa unyenyekevu. Wanakijiji tayari wanajua tabia za bwana huyo, kwa kuwa Laurencia na Pascuala wamezizungumza waziwazi muda mfupi kabla. Sherehe inaonyesha jumuiya iliyozoea kununua amani kwa vyakula na nyimbo. Baada tu ya nyimbo hizo, watumishi wa bwana, Flores na Ortuño, wanajaribu kuwafungia wasichana hao wawili ndani ya nyumba kana kwamba nao ni sehemu ya zawadi.

La pili ni mazungumzo ya uwanjani. Esteban ni alkalde, kiongozi wa kijiji mwenye pia mamlaka ya kuhukumu. Neno hilo la Kihispania limetokana na Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliokipa Kiswahili neno kadhi. Komendadori anamtaka amtiishe bintiye, na wazee wanapotaja heshima yao, anashangaa kwamba watu wa jembe wanaweza kudai kitu kama hicho. Hapa ndipo kiini cha mgogoro wa kifikra. Katika risala yake ya mwaka 1609 kuhusu sanaa mpya ya kutunga tamthilia, Lope alishauri visa vya heshima kwa kuwa vinamgusa kila mtu. Katika Fuente Ovejuna anaipanua kanuni hiyo: heshima iliyokuwa mali ya makabaila inadaiwa na wakulima. Lakini wazee wanalidai jambo hilo kwa maneno, kisha wanatii amri ya kuondoka uwanjani. Hata harusi ya Laurencia inapovunjwa, na Komendadori anapoitwaa fimbo ya mamlaka ya Esteban na kumpiga nayo, wageni wanabaki wakitazama.

Kati ya matukio haya kuna onyesho ambalo wahakiki wengi wameliona kuwa la kupitisha wakati: Leonelo, msomi aliyerudi kutoka Salamanca, anajadili na Barrildo faida na hasara za uchapaji wa vitabu. Leonelo analalamika kwamba vitabu vimekuwa vingi na vimeleta mkanganyiko, na kwamba wapo wenye husuda wanaoandika upuuzi kisha kuusambaza kwa jina la mtu wanayemchukia. Lope mwenyewe aliteswa na uchapaji wa kazi zake bila idhini, hivyo malalamiko haya yana mzizi katika maisha ya fani yake. Hata hivyo, yana kazi katika tamthilia hii. Yanaweka mapema swali la nani ametenda, kwa jina la nani, na maandishi yanathibitisha nini. Swali hilo ndilo litakalomshinda hakimu.

4.0 Sauti ya Laurencia na kimya cha Jacinta

Mwanzoni mwa tendo la tatu wanaume wamekaa katika baraza. Wanapendekeza kupeleka malalamiko kwa wafalme, wanapendekeza kuhama, wanasitasita. Laurencia anaingia, nywele zimetimka, mwili una alama za mapigo. Anadai aruhusiwe kuingia katika kikao cha wanaume: kama mwanamke hana kura, anayo sauti. Anamkana baba yake. Anawaita waoga, anawaita kondoo, akicheza na jina la mji lenyewe, ambalo katika sikio la Kihispania linabeba neno la kondoo. Anawaambia wakabidhi silaha kwa wanawake na wao wachukue vyombo vya kusokota nyuzi.

Nguvu ya hotuba hii imetajwa na karibu kila mhakiki. Kisichoangaliwa sana ni mantiki yake ya kisheria. Laurencia anahoji kwamba ndoa yake ilikuwa haijakamilika alipotekwa, kwa hiyo wajibu wa kumlinda ulikuwa bado wa baba, haujahamia kwa mume. Anazungumza lugha ya mfumo dume kwa ufasaha kuliko wanaume wenyewe, na anaitumia kuwahukumu. Tamthilia haisemi waziwazi yaliyompata nyumbani kwa Komendadori. Inauacha mwili wake useme, na wanaume wanalazimika kuusoma.

Umbo la kishairi linasaidia. Tamthilia ya Lope inabadilisha bahari kulingana na hali, jambo alilolieleza katika risala yake: kila hali ina beti zinazoifaa. Sehemu kubwa ya mazungumzo ya Fuente Ovejuna imo katika redondiya, beti za mistari minne yenye mizani nane na vina vya kukumbatiana. Hotuba ya Laurencia imo katika romanse, mistari ya mizani nane isiyogawanywa katika beti, yenye urari wa irabu katika mistari ya shufwa. Romanse ilikuwa bahari ya masimulizi ya vita na mashujaa. Katika tendo la kwanza Flores aliitumia kusimulia kutekwa kwa Ciudad Real. Laurencia anaichukua bahari ya kusifia ushindi wa bwana na kuifanya ya kumshitaki. Msomaji wa Kiswahili anayejua kazi ya utenzi, pia wenye mizani nane na uliobeba visa vya vita kwa karne nyingi, atatambua uzito wa tendo hilo. Atatambua pia ugumu unaomkabili mfasiri: kuihamishia hotuba hii katika beti za utenzi kunaweza kuhifadhi kumbukumbu ya vita, lakini kituo cha kila ubeti kinaweza kuikata pumzi ya mwanamke asiyetaka kukatizwa.

Baada ya hotuba, kijiji kinainuka. Hapa swali la makala linakuwa kali. Laurencia si mwanamke wa kwanza kudhulumiwa jukwaani. Katika tendo la pili Jacinta alikamatwa mchana, mbele ya mashahidi, na Komendadori akaamuru akabidhiwe askari wake. Hakuna baraza lililoitwa. Hakuna mzee aliyevunja kimya. Mengo alichapwa kwa ajili yake, na maumivu yake yakageuzwa mzaha katika maonyesho yanayofuata. Binti wa alkalde anapoguswa, mji unaungana. Msichana asiye na baba mwenye fimbo ya mamlaka anapoguswa, mji unaendelea na maandalizi ya harusi.

Jacinta anarejea miongoni mwa wanawake walioshika silaha chini ya Laurencia, na kwa muda mfupi kikosi hicho ndicho jumuiya ya kweli zaidi katika tamthilia, kwa kuwa ndani yake aliyepuuzwa na aliyesikilizwa wanasimama mstari mmoja. Lakini mbele ya wafalme, mwishoni, kisa cha Jacinta kinasikika kupitia kinywa cha Mengo pekee, anapoeleza kwamba alipigwa kwa kumtetea msichana mmoja. Msichana huyo hatajwi jina, na sentensi inakwenda kumalizikia kwenye mgongo wa Mengo. Jina la mji limewakinga wauaji. Katika kufanya hivyo limemfunika pia mtu ambaye dhuluma yake ilipaswa kuwa ya kwanza kulipwa.

5.0 Jibu linalofanyiwa zoezi

Komendadori anapokufa, wanakijiji wanaweka nembo ya wafalme mahali pa nembo yake, kisha wanajua kwamba hakimu atakuja. Lope angeweza kuliacha jibu la pamoja lichomoze lenyewe chini ya mateso kama muujiza wa moyo mmoja. Badala yake anaonyesha zoezi. Esteban anajifanya hakimu, Mengo anajifanya mteswa, swali linaulizwa na jibu linatolewa. Ni tamthilia ndani ya tamthilia. Umoja wa mji unafundishwa kama waigizaji wanavyofundishwa maneno yao, na Mengo, aliyeanza kwa kuukana upendo, ndiye mwanafunzi wa mfano.

Onyesho la mateso lenyewe linasikika zaidi kuliko linavyoonekana. Laurencia na Frondoso wamesimama jukwaani wakisikiliza sauti kutoka ndani: mzee, mtoto, Pascuala, kisha Mengo. Mpangilio huu una maana. Wanaotarajiwa kuvunjika ni wale ambao jamii inawaona dhaifu, na hakimu anawachagua kwa sababu hiyo. Wote wanashika neno. Mengo analishika kwa namna yake: anaahidi kusema ukweli, mateso yanalegezwa, kisha analitaja jina la mji kwa umbo la udogo, kana kwamba analibembeleza. Hadhira inacheka, na kicheko hicho kinaidhihaki mashine ya dola, ambayo ina kamba na uwezo wa kuumiza lakini haina njia ya kuadhibu nomino ya mahali.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano unaofaa kuwekwa kando ya onyesho hili. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), mhusika mkuu, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akane nguvu ya maji. Yeye mwenyewe ana mashaka nayo, lakini anakataa, kwa kuwa kukana kwake kungewafanya wanaokuja waamini kwamba wazazi wao walikosea kupigana. Katika tamthilia zote mbili mtawala anataka sentensi moja tu, na upinzani unafanyika kwa kumnyima sentensi hiyo. Tofauti ni kwamba Kinjeketile analibeba neno la umma peke yake, na neno hilo limemzidi kimo. Kwa wanakijiji wa Lope neno limegawanywa sawasawa ili asiwepo hata mmoja anayelibeba lote. Hussein anachunguza upweke wa kiongozi. Lope anachunguza uwezekano wa kutenda bila kiongozi, na ndiyo maana zoezi, si unabii, ndilo linalowaunganisha watu wake.

Jibu lao, zaidi ya hayo, haliwezi kuitwa uongo. Mji uliua kweli. Ni kweli iliyochaguliwa kwa sababu sheria haijui kuitumia.

6.0 Msamaha usiotambua haki

Hakimu anarudi kwa wafalme na kueleza kwamba amewatesa watu 300, wakiwamo watoto wa miaka kumi, asipate hata mstari mmoja wa ushahidi. Yamebaki mawili: kuwasamehe au kuuua mji mzima. Wanakijiji wanakuja wenyewe na kueleza mateso waliyoyapata kwa Komendadori. Uamuzi wa Fernando unasomwa mara nyingi kama ushindi wa haki. Maneno yake hayasemi hivyo. Anashikilia kwamba kosa lilikuwa kubwa. Analazimika kusamehe kwa kuwa jambo lenyewe haliwezi kuthibitishwa kwa maandishi. Kisha anauweka mji chini ya himaya yake kwa muda, mpaka huenda apatikane komendadori mwingine wa kuurithi.

Sentensi hii ya mwisho ina uchungu ambao mara nyingi unapita bila kutambuliwa. Wanakijiji hawakuambiwa kwamba walikuwa na haki. Hawakuahidiwa kwamba mfumo uliomleta Fernán Gómez umekwisha. Walipata nafasi ya kupumua kwa sababu walishinda mtihani wa ushahidi. Msamaha na haki vimetenganishwa, na mtunzi hajaziba pengo lililo kati yake.

Historia ya maonyesho inathibitisha ugumu wa pengo hilo. Mwaka 1876 Maria Yermolova alimwigiza Laurencia katika ukumbi wa Maly, Moscow, na vijana wa Urusi ya kifalme wakaisikia hotuba ile kama inayowahusu. Mwaka 1919, katika mji wa Kiev uliokuwa vitani, mwongozaji Konstantin Mardzhanishvili aliiondoa nafasi ya wafalme na kuimalizia tamthilia kwenye uasi. Katika miaka ya 1930 Federico García Lorca, akiwa na kikundi cha wanafunzi cha La Barraca, aliizungusha tamthilia hii katika miji na vijiji vya Uhispania bila visa vya wafalme, akiwavalisha waigizaji mavazi ya wakulima wa siku zake. Mwaka 1939 kisa kiligeuzwa kuwa baleti huko Leningrad, kikapewa jina la Laurencia.

Upunguzaji huu una sababu zake na haufai kubezwa. Lorca aliwaonyesha wakulima hai mgogoro hai. Lakini mfalme anapoondolewa, linaondoka pia swali la kinachowapata waasi siku inayofuata. Uasi unakuwa kilele, na kilele hakihitaji kuelezwa. Toleo kamili linawarudisha wanakijiji mbele ya mamlaka nyingine, wakiwa na kilio kilekile, wakipewa jibu la nusu. Katika toleo lililopunguzwa, vilevile, sentensi ya Mengo kuhusu msichana asiye na jina haisikiki, na pamoja nayo unatoweka ushahidi wa mwisho kwamba umoja wa mji ulikuwa na deni ndani yake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba umoja katika Fuente Ovejuna ni kazi inayofanywa, haukuwapo tangu awali. Kijiji kinachoanza kwa zawadi na kimya kinafikia neno moja kwa kupitia hotuba ya mwanamke, silaha za wanawake na zoezi la jibu. Mbinu ya kulificha pigo la mauti inaifanya hadhira ishiriki katika kuitunza siri, na mabadiliko ya bahari yanampa Laurencia chombo cha masimulizi ya ushujaa ambacho hapo awali kilimtumikia mtesi wake. Jina la mji linaishinda sheria. Hata hivyo, haliwashindii wote kwa kiasi kimoja: Jacinta anaingia katika ushindi bila jina, na mji wenyewe unaupata msamaha bila kutambuliwa haki.

Usomaji huu hauipunguzii tamthilia hadhi yake kama kazi ya umma. Unaidai zaidi. Methali iliyozaliwa mwaka 1476 inasifu watu waliokataa kumtoa mwenzao. Lope, aliyeipokea methali hiyo ikiwa tayari imekamilika, aliirudisha nyuma hadi siku ambazo wenzao walitolewa na hakuna aliyesema neno, akaziweka siku hizo jukwaani kabla ya ushindi.